Pale Pasipolimwa

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Sehemu ya kaskazini ya kiwanja haina mabaki ya kale." Niliiandika saa tano usiku kwenye meza ya gesti, feni ikilalamika juu ya kichwa changu, kwa sababu mshauri wa mwekezaji alikuwa amenipigia simu mara tatu siku ile. Alitaka jibu moja tu, yapo au hayapo. Nikamwambia hayapo. Miezi minane baadaye, mvua za masika zilipokatika, kijiko kilichokuwa kikichimba mtaro wa bomba la maji kilikwangua ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa lipu ya chokaa. Ulikuwa katikati kabisa ya hiyo sehemu ya kaskazini.

Vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza kuhusu mashine: ipi nzuri, inaona hadi kina gani, inauzwa shilingi ngapi. Kuitembeza mashine mtu hujifunza kwa wiki mbili. Mimi nataka kusimulia kiwanja kile.

Kwa asiyeijua kazi yetu: mtu akitaka kujenga hoteli, kupitisha barabara au kulaza bomba, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka kwanza afanye tathmini ya athari kwa mazingira. Na tangu 1964 tunayo Sheria ya Mambo ya Kale, inayolinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. (Wenzetu wa Kenya mstari wao ni 1895.) Kwa hiyo kabla greda halijashushwa, lazima mtu aseme kuna nini pale. Magofu yaliyosimama kila mtu huyaona. Yaliyofukiwa ndiyo hutuleta sisi na vyombo vyetu, tutembee juu ya ardhi mstari kwa mstari kama watu waliodondosha pete.

Ufundi huu umezaliwa mbele ya magreda tangu mwanzo. Mwaka 1946 Richard Atkinson alipima ukinzani wa umeme wa ardhi huko Dorchester-on-Thames, Uingereza, mahali palipokuwa paliwe na machimbo ya kokoto. Mwaka 1958 Martin Aitken akapeleka magnetomita, chombo cha kupima sumaku ya ardhi, huko Water Newton, kabla barabara ya A1 haijapanuliwa, akitafuta tanuri za wafinyanzi wa zama za Warumi, na akaipata. Mimi nami nilifundishwa kukohuko, misimu miwili ya baridi kwenye kampuni moja inayofanya kazi hiyo kwa wakandarasi. Siku ya kwanza nilivua mkanda, saa, funguo, simu na mkufu, nikavaa buti za mpira, na bado namba zangu ziliruka kama bisi. Msimamizi, mzee wa haya, alizunguka sana kabla ya kuniambia kwamba huenda ni waya wa sidiria. Ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku hiyo nguo zangu za kazini ni za aina moja tu.

Kule Uingereza mashamba yako wazi. Unasukuma kigari chenye vihisio, au unabeba fremu mabegani, unakwenda hadi kwenye uzio na kurudi, na jioni kompyuta inakuchorea mitaro ya watu waliokufa miaka elfu mbili iliyopita, imenyooka na kukatana kama michirizi kwenye kiganja. Unazoea. Unaanza kuamini kwamba ardhi ni kitabu na wewe umejua kusoma.

Kiwanja chenyewe kilikuwa pwani ya kusini, mkoa wa Lindi, hekta sita hivi, upande mmoja mikoko na upande mwingine mashamba ya mihogo na mikorosho ya zamani. Nilikwenda mwishoni mwa Septemba. Bajeti ilitosha magnetomita tu. Kipimo cha ukinzani kilikatwa kwenye mazungumzo ya bei, na rada ya kupenya ardhi haikutajwa kabisa. Sikuililia rada, maana chumvi na tope la mikoko humeza mawimbi yake kabla hayajafika popote. Kipimo cha ukinzani ningekililia. Sikulia, nilikuwa naitaka kazi.

Tuliajiri vijana tisa wa kijijini kufyeka. Hekta moja ya Uingereza ninaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hekta moja ya pori la pwani lenye upupu ilituchukua siku tatu kuisafisha na siku moja kuipima. Vigingi vilikuwa vya mti, kamba za katani, futikamba ya plastiki. Kijana mmoja, hodari kuliko wote, kila aliposogea namba zilivimba. Tukamkagua mifuko, hana kitu. Mwishowe akanivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kiunoni ana hirizi, na ndani yake mna sindano. Nani angemwambia aivue? Tukampa kazi ya kushika kamba upande wa mbali, mita thelathini kutoka kwangu, akaifanya kwa fahari mpaka mwisho.

Nieleze kidogo chombo kinapima nini, maana kosa langu limekaa humo. Sumaku ya dunia kwenye pwani ile ina nguvu ya takriban nanotesla 33,000. Tunachotafuta sisi ni tofauti ya mbili, tano, labda kumi. Udongo una chembe ndogo za oksidi ya chuma. Ukipashwa moto mkali kisha ukapoa, chembe hizo hugeuka na kushika mwelekeo wa sumaku ya dunia kama ulivyokuwa siku ile moto ulipozimika. Kwa hiyo jiko la kale linaonekana. Tanuri inaonekana. Nyumba ya udongo iliyoungua inaonekana vizuri sana, na mavi ya chuma yaliyomwagwa na mhunzi yanapiga kelele. Msumari wa juzi nao unapiga kelele vilevile, na ndio ugomvi wa kila siku.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilisisitizi. Huku kwetu karibu na ikweta sumaku ya dunia imelala zaidi kuliko kule, kwa hiyo kitu kimoja ardhini hutoka kwenye ramani kama doa lenye pande mbili, jeusi na jeupe. Mwezi wa kwanza niliporudi nyumbani nilihesabu mashimo mawili kila palipokuwa na moja.

Sehemu ya kusini ya kiwanja ilinipa raha. Jioni ya siku ya nne ramani ilijaa madoa yaliyojipanga, kumi na mawili au zaidi, kila moja likiwa na ukubwa wa chumba. Tukachimba shimo la majaribio, mita moja kwa mita moja, juu ya doa kubwa. Kwenye sentimita arobaini tukakuta udongo wa kukandikia, mwekundu kama tofali, alama za fito zimebaki juu yake kana kwamba ukuta ulijengwa juzi. Chini yake vigae vya vyungu, makombe, shanga moja ya kioo. Vijana walinyamaza. Mmoja akagusa alama ya fito, akasema babu yake anafunga hivihivi.

Nililala nikitabasamu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaandika kwamba nyumba za mji ule ni za miti, na wasomaji wa baadaye, waliokwisha kuyaona magofu ya mawe, walishangaa kaziona wapi. Songo Mnara, kisiwa jirani ambacho pamoja na Kilwa Kisiwani kimo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, timu ya Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher ilipima sehemu za wazi kati ya majumba ya mawe, na vipimo vikaonyesha kwamba nyumba za udongo zilikuwepo pale. Wengi wa watu wa miji yetu ya kale waliishi kwenye nyumba hizo, na chombo changu kilikuwa kimeniletea kumi na mbili kwa mpigo. Sasa nani angeniambia kitu?

Aliyeniambia alikuwa Bibi, na sikumsikia.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya kiwanja. Kila asubuhi tulipita barazani kwake. Shikamoo, Bibi. Marahaba, mjukuu wangu, mmeamkaje. Siku ya sita tulihamia kaskazini, akatuona tunafyeka, akaniita.

"Hapo katikati napo mtakata?"

"Tutakata majani tu, Bibi. Hatuchimbi."

"Hapo hapalimwi."

Nikamuuliza kwa nini. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Hapalimwi tu. Mama yangu hakulima, na mama yake hakulima. Mvua zikichelewa watu walikuwa wakija kusoma dua hapo."

Nilimshukuru. Niliandika kwenye daftari, na ninalo hadi leo: "Bibi jirani – katikati ya kask. halilimwi – dua ya mvua." Halafu nikavaa fremu mabegani nikapima. Kulikuwa na kichaka cha duara, mihogo imekizunguka pande zote bila kukigusa, na mimi nilichokiona ni usumbufu wa kukifyeka.

Ramani ya kaskazini ikatoka kijivu, safi. Vipande viwili vitatu vya bati, basi. Nikaisoma kama nilivyosoma ramani za Uingereza: kijivu maana yake mtupu. Tulichimba mashimo ya majaribio manne kiwanja kizima, yote penye madoa, yote kusini. Kaskazini hatukutia jembe. Na fomu ya ripoti niliyopewa ilikuwa na safu ya "alama", safu ya "kina", safu ya "tafsiri". Safu ya maneno ya Bibi haikuwepo, nami sikuiongeza.

Tumbawe ni chokaa. Magnetomita haina habari nalo. Ukuta wa matumbawe ukilala kwenye udongo mwekundu wenye chuma kingi, utauona kama kivuli hafifu, kwa sababu udongo una sumaku na ukuta hauna. Ukilala kwenye mchanga wa pwani, ambao wenyewe ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na bahari, hapo huna kitu cha kutofautisha: chokaa ndani ya chokaa. Hilo nililijua, niliwahi hata kulifundisha. Kwenye pwani yetu magnetomita humwona maskini aliyepikia kwenye nyumba ya udongo na kumpita tajiri aliyejengewa mawe. Niliyasema maneno hayohayo mbele ya wanafunzi, wakacheka.

Kwenye ripoti kubwa ya mshauri sentensi yangu ilifupishwa zaidi. Ikawa neno moja ndani ya jedwali: "Hakuna."

Simu ya Mei ilitoka kwa mwenyekiti wa kijiji, si kwa mkandarasi. Alisema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko ukali. Niliposhuka pale keshokutwa yake, mtaro ulikuwa na urefu wa mita sitini. Kwenye ukingo wake ukuta ulionekana umekatwa kama mkate: mawe, chokaa, lipu nyeupe upande wa ndani, chini sakafu. Kona moja ya jengo ilikuwa imekwisha kwenda na kijiko, na kifusi chake kilikuwa kimemwagwa kujaza dimbwi barabarani. Dereva alisimama kando, kijana mdogo, akinieleza mara tatu kwamba aliambiwa hakuna kitu. Aliambiwa na nani? Na mimi.

Kazi ikasimamishwa, watu wa mambo ya kale wakaja. Nikaomba niruhusiwe kurudi na kipimo cha ukinzani, kwa gharama yangu, na hili silisemi kwa kujisifu, nilikopa. Chombo chenyewe ni rahisi kukieleza: vijiti viwili kwenye fremu, nusu mita kati yao, unavichomeka, unapitisha umeme mdogo, unasoma ardhi inaukataa kiasi gani. Udongo wenye unyevu unaupitisha. Ukuta wa mawe unaukataa. Ila lazima ardhi iwe na unyevu. Ningekileta Septemba, mchanga ukiwa mkavu kama unga, huenda kingenipa kelele tupu, na siwezi kudai kwamba pesa zingeniokoa. Wakati ule ni koleo tu lingeniokoa, shimo moja pale kwenye kichaka. Juni, masika yamekwisha jana na mchanga bado una ubaridi, kilisoma vizuri mpaka nikatetemeka.

Gridi ya pili, saa nne asubuhi, nikiwa nimeinamia skrini chini ya kanga ili kukwepa jua: mstatili, umenyooka. Kwenye ukuta wa kaskazini, katikati, kitu kidogo kimechomoza nje kama kidole gumba. Sikuhitaji kuuliza ni nini. Makka iko karibu na longitudo 39.8 na Kilwa iko karibu 39.5, kibla ya pwani ile ni kaskazini, kama umeinyoosha kwa rula. Kile kidole kilikuwa mihirabu, pale anaposimama imamu msikitini. Hatua chache pembeni palikuwa na duara dogo, na tulipolifuata kwa jembe likawa kisima, kimejengewa mawe. Upande wa mashariki ardhi ilionyesha vishimo virefu vya makaburi vimelala mashariki-magharibi, na hapo hatukuchimba, tulifunika.

Mihirabu ilikuwa salama. Mtaro uliikosa kwa mita tano. Bomba likahamishwa, ramani ya hoteli ikachorwa upya upande mmoja, na mwekezaji, ambaye nilimwogopa sana, alilichukulia jambo kwa utulivu kuliko mshauri wake. Hasara ya kusogeza bomba kabla ya kuchimba ni mstari wa penseli. Aliyasema hayo mbele yangu, kwa Kiingereza, akiniangalia.

Lakini ile kona imekwenda. Nilipita kwenye dimbwi lililojazwa kifusi, nikaokota kipande cha lipu chenye alama ya vidole vya fundi. Nilikiandikisha na vingine. Hadi leo nikipita barabara yoyote ya moramu ya pwani, macho yangu yako chini.

Siku hizi nafanya kazi polepole, na nimepoteza wateja kwa ajili hiyo. Mmoja aliirudisha ripoti akisema sentensi zangu ni ndefu mno. Ni ndefu kweli. Pale nilipokuwa nikiandika "hakuna mabaki" sasa naandika kwamba magnetomita haikuonyesha alama, kwamba chombo hicho hakioni kuta za matumbawe kwenye mchanga, kwamba tumepima mwezi gani, kwamba tumechimba mashimo mangapi penye alama na mangapi pasipo na alama. Hayo ya pasipo na alama ndiyo wateja huyachukia zaidi. Kulipia watu wachimbe mahali ambapo mashine imesema pasafi! Mhandisi mmoja aliniuliza, kwa heshima, kama simwamini chombo changu. Nikamjibu kwamba namwamini kama shahidi asiyeona rangi: muulize umbo, usimuulize rangi.

Na siku ya kwanza sifungui hata sanduku. Nakaa barazani kwa watu, naulizia mahali pasipolimwa, mbuyu usiokatwa, kisima kisichochotwa, njia inayopinda bila sababu. Si kila jibu lina ukuta chini yake. Kijiji kimoja nilioneshwa kichaka cha kuogopwa, tukapima, tukachimba, na hatukukuta kitu ila mizizi. Mzee mmoja akacheka akasema kichaka kile alikitungia hadithi yeye mwenyewe utotoni ili watoto wenzake wasiibe maembe. Nikamwandika naye. Fomu yangu sasa ina safu hiyo.

Ramani ya ule msikiti niliichapisha kwenye karatasi kubwa nikampelekea Bibi. Aliitandaza juu ya mkeka, akaigeuza mpaka kaskazini ya karatasi ikalingana na kaskazini ya nyumba yake, jambo ambalo wahandisi wengi hawalifanyi. Akafuata mstatili kwa kidole. Alipofika kwenye mihirabu akakaa kimya muda mrefu, midomo ikicheza, nikajua anasoma. Kisha akakunja karatasi.

"Na kule kwenye mkwaju," akasema, "kule napo mlishapita?"

Mkwaju ulikuwa nje ya kiwanja chetu, kwenye kiwanja cha jirani, kilichouzwa mwezi uliotangulia. Nilipokuja nilikuwa nimeona watu wakichimbia nguzo za uzio.